Shimo Katika Sakafu: Kuyazuru Majumba ya Kale ya Uingereza kwa Jicho la Imani

Miezi michache iliyopita, mwamini mmoja wa parokia yetu, muuguzi ambaye sasa anafanya kazi nchini Uingereza, alinitumia picha aliyoipiga kwa simu yake. Ilionyesha shimo la mraba katika sakafu ya mbao, limezungushiwa kamba ili wageni wasitumbukie, na kando yake kibao kidogo cha maelezo. Chini ya picha aliandika hivi: “Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Wenzangu wa kazini walinialika twende kutembelea jumba la kale na bustani zake. Nilidhani tunakwenda kutazama maua na kunywa chai. Mwongozaji akatuambia kwamba shimo hili lilichimbwa ili kumficha padre. Padre, Waingereza waliwaficha mapadre kwa hofu ya nani? Si wao waliotuletea dini?”

Nilimjibu kwa ufupi siku ile, kwa kuwa nilikuwa nimetoka mazishini. Lakini swali lake limenikaa moyoni, na naona linastahili jibu refu zaidi, maana waamini wetu wengi wanaishi katika nchi ile kwa kazi na masomo, na wengine huenda kuwazuru watoto wao. Mimi mwenyewe, nilipokuwa masomoni Ulaya, nilipelekwa likizo moja kumshikia nafasi paroko aliyekuwa mapumzikoni katika Kaunti ya Worcestershire. Mama mmoja mzee wa parokia ile, mwenye gari dogo na ujuzi mkubwa wa historia, hakuniacha nipumzike. Kila Jumatatu alifika mlangoni saa tatu kamili asubuhi na kunipeleka kuona kile alichokiita “mahali tulipojificha.” Alisema “tulipojificha”, kana kwamba yeye mwenyewe alikuwemo.

Atakayetoka nje ya miji mikubwa ya Uingereza hatakwenda mbali kabla ya kuona kando ya barabara vibao vya rangi ya kahawia vinavyoelekeza kwenye ngome, bustani, abasia au jumba la kale. Mengi ya maeneo hayo hutunzwa na National Trust, shirika la hiari lililoanzishwa mwaka 1895 na Octavia Hill, Robert Hunter na Hardwicke Rawnsley, kasisi wa Kianglikana. Magofu na ngome nyingi ziko chini ya English Heritage, na majumba mengine yangali mikononi mwa familia zilizoyarithi, ambazo huwafungulia wageni milango siku fulani za mwaka ili kupata fedha za kutengeneza paa. Mgeni hulipa kiingilio au huonyesha kadi ya uanachama, kisha hupita chumba baada ya chumba. Humo ndani huketi watu wa kujitolea, mara nyingi wazee waliostaafu, wakingoja kuulizwa swali. Baadaye watu hutembea bustanini, na safari huishia mgahawani kwa chai na skonzi zilizopakwa jemu na krimu. Msiidharau sehemu hiyo ya mwisho. Nimesikia katika migahawa ile habari ambazo hazimo katika kitabu chochote cha mwongozo.

Mwafrika anayeingia katika majumba haya anaweza kujiuliza pia fedha za kuyajenga zilitoka wapi, na ana haki ya kuuliza. Jumba la Harewood, kule Yorkshire, lilijengwa katika karne ya 18 kwa utajiri ambao familia ya Lascelles iliupata kutokana na sukari na watumwa wa visiwa vya Karibi. Mwaka 2020 National Trust yenyewe ilichapisha taarifa iliyotaja majumba na maeneo yake 93 yenye uhusiano na ukoloni na utumwa. Ni vema kulijua hilo kabla ya kustaajabia dari zilizonakshiwa. Lakini zipo nyumba nyingine, nyingi zikiwa ndogo na zenye giza zaidi, ambazo historia yake ni ya namna nyingine. Humo ndimo yalimo mashimo kama lile la kwenye picha.

Kwa nini padre alifichwa

Mwaka 1534 Bunge la Uingereza lilimtangaza Mfalme Henry VIII kuwa mkuu wa Kanisa katika nchi hiyo mahali pa Baba Mtakatifu. Kati ya mwaka 1536 na 1540 nyumba zote za watawa, zipatazo 800, zilifungwa. Ardhi iliuzwa, kengele zikayeyushwa, risasi iliyoezeka mapaa ikang'olewa. Richard Whiting, abate mzee wa Glastonbury, alinyongwa juu ya kilima kinachoitazama abasia yake mnamo Novemba 1539.

Anayetaka kuona kwa macho jambo hilo lilivyokuwa, aende Fountains, Yorkshire. Abasia ile ilianzishwa mwaka 1132 na wamonaki 13 waliotoka York wakitafuta maisha ya ufukara mkali zaidi, nao wakajiunga na Wasistersiani. Ilifungwa mwaka 1539. Leo ni magofu makubwa yasiyo na paa, yenye nguzo zinazopanda hadi mahali ambapo zamani palikuwa na dari na sasa pana mawingu tu. Katika karne ya 18 bwana mmoja tajiri jirani, John Aislabie, alitengeneza bonde la karibu kuwa bustani ya maji, yenye mabwawa, masanamu na vibanda vya kupumzikia, na mwanawe William akainunua abasia yenyewe na kuiunganisha na bustani hiyo. Mgeni anapotembea kando ya maji hufikishwa juu ya kilima, na ghafula magofu yanamtokea mbele ya macho kama picha ukutani. Mahali hapo pa kutazamia panaitwa Kiti cha Anne Boleyn, yule mwanamke ambaye kwa ajili ya kumwoa Mfalme Henry alivunja umoja na Roma. Bustani ni nzuri mno, na tangu mwaka 1986 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia pamoja na abasia. Hata hivyo, nakiri kwamba moyo wangu ulichomwa kidogo nilipofikiri kuwa mahali walipoimba wamonaki Sala ya Usiku kwa miaka 400 paligeuzwa kuwa pambo la matembezi ya tajiri.

Mfalme Henry alipofariki, mambo yaliyumba. Chini ya bintiye, Malkia Mary I, nchi ilirudi katika umoja na Roma, na katika utawala wake Waprotestanti wapatao 280 walichomwa moto kwa sababu ya imani yao. Mkatoliki anayezuru Uingereza asiipite habari hiyo kwa haraka, maana mioto ile ndiyo iliyowafanya Waingereza wengi kulichukia Kanisa kwa vizazi vingi. Kisha akaja Elizabeth I. Kuanzia mwaka 1559, asiyehudhuria ibada ya Kanisa la serikali siku ya Jumapili alitozwa faini ya peni 12. Mwaka 1570 Papa Pius V alimtenga Malkia na Kanisa na kuwafungua raia wake wasimtii. Tangu hapo serikali ikamwona kila Mkatoliki kuwa haini anayengoja nafasi yake. Nina maoni yangu kuhusu hekima ya hatua ile, lakini walioilipia gharama si walioiandika.

Mwaka 1581 faini ilipandishwa hadi pauni 20 kwa mwezi, kiasi ambacho fundi stadi asingekipata kwa kazi ya mwaka mzima. Wakati huo vijana wa Kiingereza walikuwa wakisomea upadre ng'ambo, hasa katika seminari iliyoanzishwa na William Allen huko Douai mwaka 1568, kisha wakirudi kwa siri. Ndipo ikatungwa Sheria ya mwaka 1585: padre aliyepewa daraja ng'ambo akionekana tu katika ardhi ya Uingereza, ni haini na adhabu yake ni kifo, na yeyote anayempokea nyumbani kwake, naye anaweza kunyongwa. Bi Margaret Clitherow, mke wa mwuza nyama mjini York, alishtakiwa kwa kuwaficha mapadre, akakataa kujibu mashtaka ili watoto wake wasilazimishwe kutoa ushahidi, akauawa kwa kukandamizwa na mawe mazito tarehe 25 Machi 1586.

Maaskofu walikuwa wamekufa, wako gerezani au uhamishoni. Hapakuwa na parokia, wala shule, wala kanisa. Kulibaki nyumba za watu.

Nyumba yenye vificho saba

Harvington Hall iko karibu na mji wa Kidderminster, na tangu mwaka 1923 ni mali ya Jimbo Kuu la Birmingham. Ni jumba la matofali mekundu lililozungukwa na handaki la maji pande zote, lenye bata na daraja dogo. Humphrey Pakington aliijenga kwa sehemu kubwa katika miaka ya 1580, yaani miaka ileile sheria zilipokazwa, na hilo si jambo la bahati nasibu. Ndani yake kuna vificho saba vya mapadre, idadi ambayo haipatikani katika nyumba nyingine yoyote nchini humo.

Mama mzee alinipandisha hadi ghorofa ya juu pasipo kusema neno. Kwanza alinionyesha kikanisa kidogo ambacho kuta zake zimechorwa matone mekundu na meupe, safu kwa safu, kuwakilisha damu na maji yaliyotoka ubavuni mwa Bwana. Hakuna sanamu wala altare ya mawe ya kudumu. Mtu asiyejua angesema ni pambo tu. Kisha tukaja kwenye ngazi kuu. Karibu na kilele chake, vidato viwili huinuka kama kifuniko cha sanduku, na chini yake kuna uwazi wa kuingia mtu. Ngazi unayoiona leo ni nakala. Ile ya asili ilihamishiwa Coughton Court zaidi ya miaka 100 iliyopita, wakati jumba lilipokuwa likiporomoka na hakuna aliyedhani litatengenezwa tena. Katika chumba kingine kuna meko ambayo haijawahi kuwashwa moto: dohani yake ni njia ya kupandia hadi darini.

Lakini kilichonishika zaidi ni kificho cha chumba kinachoitwa Maktaba ya Dokta Dodd. Ukutani kuna nguzo za mbao, kama zilivyo katika nyumba nyingi za Kiingereza za wakati ule, zikionekana kubeba uzito wa jengo. Nguzo moja haibebi kitu. Ukiisukuma mahali panapostahili, inazunguka juu ya egemeo lake na kufungua mwanya, na nyuma yake kuna nafasi ambamo mtu mzima hawezi kusimama wima, ila anaweza kuketi na kulala. Kificho hicho kilikaa karibu miaka 300 bila kugunduliwa hata na watu walioishi katika nyumba hiyo. Niliinama na kutazama ndani. Nilikuwa nimekula kifungua kinywa kizuri, nimevaa kola yangu ya upadre mchana kweupe, na Misa yangu ya jioni ilikuwa imetangazwa kwenye kibao mbele ya kanisa pamoja na saa yake. Nilishindwa kuzungumza kwa muda.

Mapadre wale walisafiri kwa majina ya bandia, wamevaa kama mabwana wa mashamba, wengine hata na upanga kiunoni. Kalisi zao nyingine zilitengenezwa kwa vipande vinavyofunguliwa ili zifichwe kwa urahisi. Walifika usiku, wakasikiliza maungamo, wakaadhimisha Misa kabla ya mapambazuko, wakabatiza, wakabariki ndoa, wakaondoka. Nyumba za makabaila zilifaa kwa kazi hiyo kwa sababu zilikuwa mbali na miji, zina vyumba vingi na wageni wengi, hivyo mgeni mmoja zaidi hakuonekana ajabu. Lakini bwana wa nyumba peke yake asingeweza lolote. Mpishi alijua kuna sahani iliyozidi mezani. Mfuaji alijua kuna shuka lililozidi. Mtunza farasi alijua ni farasi gani ameingia usiku akitoka jasho. Mmoja kati yao angeweza kujipatia zawadi nono kwa neno moja tu. Majina ya makabaila yameandikwa katika vibao. Ya wapishi hayapo, na kila nilipopita katika jiko la majumba yale nilisimama kidogo kwa ajili yao.

Eneo lile lina shahidi wake. Mtakatifu John Wall, Mfransisko, aliwahudumia waamini wa huko kwa zaidi ya miaka 20. Alikamatwa mwishoni mwa mwaka 1678 katika nyumba ya jirani, wakati nchi nzima ilipotiwa hofu na uongo wa Titus Oates kuhusu njama ya Wakatoliki ya kumwua Mfalme. Aliuawa mjini Worcester tarehe 22 Agosti 1679.

Seremala aliyenyamaza

Wataalamu wanaona kwamba vificho kadhaa vya Harvington vilivyo karibu na ngazi kuu ni kazi ya mikono ya Mtakatifu Nicholas Owen. Yeye hakuwa padre. Alikuwa bruda wa Shirika la Yesu, mtoto wa seremala wa Oxford, mfupi kiasi kwamba waliomfahamu walimwita Yohane Mdogo, mwenye ugonjwa wa ngiri na mguu uliochechemea. Kwa muda wa miaka ipatayo 18 alizunguka nchini akijenga vificho. Mchana alifanya useremala wa kawaida mbele ya watu ili asishukiwe. Usiku, peke yake, alitoboa mawe na kuchimba chini ya sakafu. Walioishi naye wameeleza kwamba alipokea Komunyo Takatifu kabla ya kuanza kila kificho, na kwamba alisali muda wote wa kazi. Hakuna vificho viwili alivyovijenga kwa namna moja, ili kikigunduliwa kimoja kisisaliti kingine.

Thamani ya kazi hiyo ilionekana katika jumba la Baddesley Clinton, Warwickshire, ambalo sasa ni la National Trust. Mnamo Oktoba 1591 lilikuwa limepangishwa na madada wawili wa familia ya Vaux, Anne na Eleanor, nao walikuwa wamewakaribisha Wajesuiti kadhaa kwa mkutano, miongoni mwao wakiwa Padre Henry Garnet, Padre John Gerard na Padre Robert Southwell. Alfajiri moja, Southwell akijiandaa kuanza Misa, kelele zikasikika mlangoni: wapekuzi wa serikali. Watumishi waliwazuia nje kwa maneno. Ndani, mapadre walivua mavazi ya Misa, wakakusanya vyombo vitakatifu, na, jambo ambalo Padre Gerard hakulisahau alipoandika habari zake baadaye, wakageuza magodoro ya vitanda walivyolalia ili mkono wa mpekuzi ukute upande wa baridi. Kisha wakashuka katika mfereji wa zamani wa maji machafu chini ya nyumba, uliotengenezwa kuwa kificho, wakasimama humo miguu ikiwa majini kwa muda wa saa nne hivi. Juu ya vichwa vyao wapekuzi waligonga kuta na kupekua makabati. Bi Anne Vaux aliwakabili kama mwenye nyumba, na mwishowe wakalipwa fedha, wakaondoka. Hakukamatwa hata mmoja. Leo wageni huonyeshwa mahali pale, na watoto huchekelea kwa kuona choo cha kale. Waacheni wacheke, huo ndio mwanzo wa kuuliza.

Mwisho wa Bruda Nicholas ulikuja Januari 1606, katika jumba la Hindlip, Worcestershire. Ilikuwa baada ya njama ya baruti ya Novemba 1605, ambapo Wakatoliki wachache waliokata tamaa walikula njama ya kulilipua Bunge pamoja na Mfalme. Lilikuwa jambo ovu, na lilizidisha mateso ya maelfu wasiokuwa na habari nalo. Watu wapatao 100 waliizingira Hindlip. Owen na mwenzake Ralph Ashley walikaa katika kificho siku kadhaa wakiwa na tufaa moja tu la kugawana, kisha wakatoka, wengi wakiamini kwamba walitaka kudhaniwa kuwa ndio mapadre wanaotafutwa. Padre Garnet na Padre Oldcorne walikuwa mahali pengine katika nyumba ileile, wakilishwa mchuzi kwa mrija uliopitishwa katika ukuta wa dohani kutoka chumba cha pili. Baada ya siku nane nao walikamatwa.

Owen alipelekwa London, katika Ngome ya Tower. Serikali ilijua imempata nani: mtu huyu angetoa orodha ya vificho vyote, na Kanisa katika Uingereza lingemalizika kwa wiki chache. Walimtundika kwa mikono. Kwa mgonjwa wa ngiri, hata desturi za wakati ule zilikataza mateso ya namna hiyo, basi wakamfunga tumbo kwa bamba la chuma, wakaendelea. Alikufa mwanzoni mwa Machi 1606, mwili ukiwa umepasuka, na hakuwa amewapa hata nyumba moja. Vificho vingine ambavyo huenda ni vyake havijapatikana mpaka leo.

Jumba la Hindlip la wakati ule halipo tena. Katika uwanja wake lilijengwa jingine, na humo yamo makao makuu ya polisi wa eneo hilo. Mama mzee alipolitaja hilo alicheka mpaka akasimamisha gari.

Nyumba nyingine, na njia iliyofika kwetu

Siwezi kuzieleza zote kwa kina. Stonor, karibu na Henley-on-Thames, imekuwa ya familia moja kwa zaidi ya miaka 800, na Misa imeendelea kuadhimishwa katika kikanisa chake hata nyakati za mateso. Chini ya paa la nyumba hiyo Mtakatifu Edmund Campion alichapa kwa siri mwaka 1581 kitabu chake cha kuitetea imani, na nakala zake mamia zikakutwa zimewekwa juu ya mabenchi ya kanisa la Chuo Kikuu cha Oxford asubuhi ya tarehe 27 Juni. Mwezi uliofuata alikamatwa, na Desemba akauawa. Coughton Court, nyumba ya familia ya Throckmorton, ina kificho cha mnarani ambamo katika karne ya 19 zilikutwa ngazi ya kamba, matandiko na altare ya kukunjwa. Oxburgh Hall, Norfolk, mafundi walipokuwa wakitengeneza paa mwaka 2020, chini ya mbao za sakafu ya dari kulipatikana ukurasa wa ngozi wa karne ya 15 wenye maandiko ya sala na kitabu cha sala cha mwaka 1568. Havikuwa vimeguswa kwa karne nzima na zaidi.

Sasa narudi kwenye sehemu ya pili ya swali la muuguzi wetu: si wao waliotuletea dini? Upo uzi unaounganisha mashimo yale na sisi, nao si mrefu. Katika bonde la mto Wye, Herefordshire, kuna jumba la Courtfield, nyumba ya familia ya Vaughan, ambayo kwa vizazi kadhaa ilitozwa faini na kufungwa gerezani kwa kukataa kuiacha imani. Sheria za ubaguzi zilipoondolewa kwa sehemu kubwa mwaka 1829, familia ile ilikuwa bado ya Kikatoliki. Mama wa nyumba hiyo, Bi Eliza Vaughan, alisali kila siku saa nzima mbele ya Sakramenti Takatifu akiwaombea watoto wake wito. Binti zake wote watano wakawa watawa, na kati ya watoto wa kiume wanane, sita wakawa mapadre. Mkubwa wao, Herbert, alianzisha mwaka 1866 shirika la wamisionari la Mill Hill, na baadaye akawa Kardinali wa Westminster. Mapadre wake walifika Uganda mwaka 1895, wakavuka hadi Kisumu na Kakamega mwanzoni mwa karne ya 20. Nyanya yangu alibatizwa na mmoja wao. Alikumbuka ndevu zake na Kiswahili chake kibovu, lakini hakuna aliyemweleza kwamba watu wa padre yule walikuwa wamesali usiku kwa kujificha kwa miaka zaidi ya 200.

Huko Uganda kwenyewe, wamisionari walikuta jambo ambalo wazee wa Courtfield wangelielewa mara moja. Mapadre Weupe walipolazimika kuondoka Buganda mwaka 1882, wakakaa nje mpaka mwaka 1885, waamini wapya hawakutawanyika. Walikutana katika nyumba za akina Andrea Kaggwa na Matia Mulumba, wakafundishana katekisimu, wakabatiza waliokuwa katika hatari ya kufa. Mashahidi wa Uganda walitangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964. Papa huyohuyo, tarehe 25 Oktoba 1970, aliwatangaza watakatifu wafiadini 40 wa Uingereza na Wales, wakiwemo Owen, Campion, Southwell, Wall na Margaret Clitherow, na siku hiyo alizungumza kwa heshima na upendo kuhusu Kanisa la Anglikana. Hivyo mwamini wetu akienda na rafiki yake Mwanglikana, kama ilivyokuwa kwa muuguzi huyu, asione haya wala asimtie haya mwenzake.

Kwa wanaopanga kwenda, nina machache ya kuongeza. Angalieni kwanza siku za kufunguliwa, kwa sababu majumba mengi hufungwa wakati wa baridi kali, na mengine hufunguliwa siku chache tu za wiki. Msione aibu kuwauliza wazee wanaoketi vyumbani. Waulizeni padre alifichwa wapi, watafurahi kuliko mkiuliza bei ya kabati. Ulizeni pia jiko lilikuwa wapi. Ikiwa kuna kikanisa kinachotumika bado, kama Stonor, ulizeni saa za Misa. Katika nyumba za National Trust hakuna atakayewakataza kusimama kimya na kusali kwa dakika chache, ila msiwashe mishumaa, maana mbao zile zina miaka 400.

Muuguzi wetu ameniandikia tena wiki iliyopita. Yeye na wenzake wa Jumuiya yao, Wakenya, Watanzania na Wakongo wawili, wameanza kuchanga nauli ya basi dogo kwenda Harvington mwezi Julai, na wanataka kusali Rozari kwa Kiswahili katika kile kikanisa chenye matone mekundu na meupe. Anauliza kama wataruhusiwa. Nimemwambia awapigie wasimamizi simu mapema, na wabebe masweta, kwa maana hata Julai vyumba vile vya juu vina baridi.